Neno “down” la Kiingereza: asili yake, maana zake na namna ya kulitumia

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba “up” ni juu na “down” ni chini, na mara nyingi somo huishia hapo. Kisha siku moja anakutana na “write it down”, “the network is down”, “down the road” na “she turned down the offer”. Anajaribu kutia neno chini katika kila sentensi na hakuna hata moja inayokubali. Mtandao haujadondoka popote, barabara yenyewe ni tambarare, na ofa haikugeuzwa.

Shida iko kwenye ile tafsiri ya kwanza. “Down” halikuanza maisha yake kama neno la mahali. Lilianza kama neno la mwendo, na maana yake kamili ilikuwa “kutoka kilimani”. Ukilishika kwa upande huo wa mwendo, sehemu kubwa ya matumizi yake ya leo inaeleweka bila kukariri orodha ndefu. Mwongozo huu unaanzia kwenye kilima chenyewe, unapita kwenye matamshi na ndugu za neno hili, halafu unaingia kwenye sarufi na tafsiri. Hata kama haja yako ni sarufi tu, usiiruke hatua ya kwanza, maana hatua nyingine zote zimesimama juu yake.

Hatua ya kwanza: lijue kama safari, usilijue kama mahali

Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa Uingereza takriban kuanzia karne ya 5 hadi karne ya 11, kilikuwa na nomino “dūn”. Mstari juu ya herufi u unaonyesha kwamba irabu ni ndefu, basi lilitamkwa karibu na “duun”. Maana yake ni kilima.

Mtu aliyekiacha kilima akielekea bondeni alisemwa ametoka “of dūne”. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, kwa sababu “of” tuliyoizoea leo ina maana ya “ya” au “wa”. Zama hizo ilimaanisha “kutoka” au “kuondoka kwenye”. Kwa kweli “of” na “off” za leo zilikuwa neno moja ambalo baadaye lilipasuka mara mbili, moja likatamkwa kwa mkazo na jingine bila mkazo, kisha kila moja likashika njia yake. Hiyo -e mwishoni mwa “dūne” ni umbo la kisarufi tu ambalo nomino ilichukua ikitanguliwa na kihusishi cha aina hiyo.

Maneno hayo mawili yalitumika pamoja mara nyingi mno hadi yakaanza kulika. “Of” ilipungua ikawa “a”, likapatikana neno moja, “adūne”. Baadaye ile “a” nayo ikadondoka, likabaki “dūne”. Katika Kiingereza cha Kati, yaani kile kilichofuata hadi takriban karne ya 15, kiishio kikafifia, tukapata “doun”, na mwisho “down”.

Tazama kilichotokea. Sehemu iliyobeba maana ya “kutoka” imetoweka yote, na sehemu iliyobeba maana ya “kilima” ndiyo iliyosalia, lakini maana iliyodumu ni ile ya kutoka. Ndiyo maana neno lililokuwa jina la mwinuko leo linaelekeza bondeni. Anayesikia habari hii mara ya kwanza hudhani kuna mahali mtu amekosea, lakini hakuna kosa: maneno mawili yalipoungana na kuzoeleka, msemaji hakuhitaji tena kuyasikia yote mawili ili aelewe.

Kiingereza cha Kale kilikuwa pia na neno jingine la kazi hii, “niþer”, ambalo ile herufi yake ya katikati husomwa “th”. Wajerumani wangali na ndugu yake, “nieder”. Waingereza waliliacha taratibu “down” lilipopata nguvu, lakini mabaki yake unayatumia kila siku: yamo ndani ya “beneath” na “underneath”, na yamo katika “Netherlands”, jina la Uholanzi, ambalo maana yake ni nchi za chini.

Hatua ya pili: litamke vizuri

“Duun” imekuwaje “daun”? Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama karibu zote. Irabu “uu” iligeuka taratibu kuwa “au”. Mabadiliko hayo hayakugusa “down” pekee. “Hūs” ikawa “house”, “mūs” ikawa “mouse”, “tūn” ikawa “town”, “ūt” ikawa “out”. Kaskazini, kwa wasemaji wa Kiskoti, irabu hiyo haikuhama, na ndiyo sababu hadi leo utawasikia wakisema “doon” na “hoose”. Ukitaka kusikia jinsi neno lilivyolia zamani, wao ndio wamelihifadhi.

Tahajia ina historia yake. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliofunzwa kwa Kifaransa walianza kuandika “uu” kwa herufi “ou”, na baadaye “ow” ikazoeleka mwishoni mwa neno na mara nyingi kabla ya n: “cow”, “now”, “town”, “brown”, “crown”, “down”.

Kwa msemaji wa Kiswahili mambo mawili yanahitaji mazoezi. La kwanza ni kuacha kuongeza irabu mwishoni. Silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi huteleza ukasema “dauni”. Neno ni silabi moja: funga kwa n, ulimi ukiwa umegusa ufizi, na ukome hapo. La pili ni kutenganisha “down” na “dawn”, yaani alfajiri. “Dawn” ina irabu moja ndefu, karibu na “doon” yenye o ya Kiswahili, midomo ikiwa imetulia. “Down” ina mwendo ndani yake: mdomo unaanza wazi kwenye a kisha unajikunja kuelekea u. Sema yote mawili mbele ya kioo na utaiona tofauti hata kabla ya kuisikia.

Hatua ya tatu: tenganisha ndugu wa kweli na waliofanana sura

Hatua hii nimeipa nafasi kubwa kwa sababu makosa mengi ya tafsiri huanzia hapa.

Nomino ya zamani haikufa. Inaishi katika “downs”, vilima vya chaki vyenye nyasi vilivyoko kusini mwa Uingereza. Kuna North Downs na South Downs, na South Downs imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2010. Epsom Downs ni uwanda wa juu ambako mbio za farasi za Derby zimefanyika tangu 1780. Mfasiri akiandika “Nyanda za Chini za Kusini” kwa South Downs amepotosha ramani nzima, kwa sababu hivyo ni vilima. Ukiliona neno hili lina herufi kubwa au limo kwenye wingi katika habari za mandhari, fikiria mwinuko kwanza.

Limo pia katika majina ya miji yanayoishia kwa “-don”. Swindon ni kilima cha nguruwe. Huntingdon ni kilima cha mwindaji. Hendon ni kilima kirefu. Wimbledon, mahali panapojulikana kwa tenisi, ni kilima kilichoitwa kwa jina la mtu. Lakini kiishio peke yake hakitoshi kukupa jibu. London haimo katika kundi hili, kwani jina lake linatokana na Londinium ya enzi za Warumi. Croydon ndiyo inayofundisha zaidi: kiishio chake kilikuwa “denu”, bonde, na jina zima lina maana ya bonde la zafarani. Wimbledon na Croydon ni jirani na zina mwisho unaofanana kabisa kwa maandishi, na mmoja ni kilima huku mwingine ni bonde. Kwa hiyo jina la mahali lichunguzwe katika umbo lake la zamani zaidi lililoandikwa. Sura ya leo huficha mengi.

Ndugu mwingine ni “dune”, kilima cha mchanga. Hili liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, na Wafaransa walilipata kwa Waholanzi. Kwa njia hiyo mzizi uleule umeingia Kiingereza mara mbili kwa milango miwili.

Sasa waliofanana sura tu. “Down” yenye maana ya manyoya laini ya ndege, yale yanayojazwa kwenye mito na makoti ya baridi, ni neno jingine kabisa. Lilitoka kwa Waskandinavia, katika “dúnn” ya Kinorse cha Kale. “A down jacket” ni koti la manyoya laini, wala halihusiani na chini.

County Down ya Ireland ya Kaskazini imetoka kwenye “dún” ya Kiayalandi, yenye maana ya ngome. Downing Street, mtaa wenye makazi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, unabeba jina la Sir George Downing aliyeujenga katika karne ya 17.

Na kuna “Down syndrome”, hali ambayo mtu huzaliwa nayo na ambayo huathiri ukuaji wa mwili na akili. Hapa naomba wafasiri na waandishi wa habari wawe makini sana. Neno hilo ni jina la mtu: John Langdon Down, daktari Mwingereza aliyeieleza hali hiyo mwaka 1866. Mwaka 1959 watafiti nchini Ufaransa walichapisha maelezo kwamba inatokana na kuwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili, na ndiyo maana siku yake ya kimataifa huadhimishwa tarehe 21 ya mwezi wa 3. Herufi kubwa D ndiyo alama yako. Kumweleza mtoto kama mwenye “ugonjwa wa kuwa chini” ni kosa la lugha na ni kumvunjia heshima.

La mwisho ni neno letu wenyewe, duni. Linafanana na “dūn” ya zamani karibu herufi kwa herufi, na maana yake, ya kitu cha hadhi ya chini, inaikaribia sana “down” ya leo. Inashawishi kusema yametoka mzizi mmoja. La hasha. Duni tumelipata kutoka Kiarabu, “dūn”, chini ya kitu fulani au pungufu kuliko, wakati “dūn” ya Kiingereza cha Kale ilikuwa kilima, kinyume chake. Maneno ya lugha mbili yanaweza kukutana kwa sauti bila kuwa na udugu wowote. Anayechunguza asili ya maneno asikubali kufanana peke yake kuwe ushahidi. Atafute njia ambayo neno lilipitia, karne kwa karne.

Hatua ya nne: tambua neno linafanya kazi gani katika sentensi

“Down” hufanya kazi tano. Tatu nitazipitia haraka. Kama kivumishi: “she feels down”, ana huzuni, “the system is down”, mfumo haufanyi kazi. Kama nomino, hasa katika “ups and downs”, yaani kupanda na kushuka kwa maisha. Kama kitenzi: “he downed the glass”, aliinywa yote kwa mkupuo, “to down tools”, kuweka vifaa chini na kugoma kufanya kazi.

Kazi mbili zilizobaki, kielezi na kihusishi, ndizo zinazoleta matatizo, kwa sababu kwa macho zinafanana. Tazama sentensi hizi mbili:

She turned down the road.
She turned down the offer.

Mpangilio ni uleule. Ya kwanza inasema alikata kona akaingia barabara ile. Ya pili inasema aliikataa ofa. Utajuaje? Weka “it” mahali pa nomino. Katika sentensi ya pili Mwingereza husema “she turned it down”. “It” inaruka na kukaa kabla ya “down”, kwa sababu hapo “down” ni kielezi kilichoungana na kitenzi. Katika ya kwanza husema “she turned down it”, kwa sababu “down” ni kihusishi na hakikubali kutenganishwa na kile kinachokifuata. Ukisema “she turned it down” kuhusu barabara, msikilizaji ataelewa kwamba alikataa barabara.

Jaribio hilo linafanya kazi kote. “He ran down the hill” inakuwa “he ran down it”: kihusishi, alishuka kilima akikimbia. “He ran down the battery” inakuwa “he ran it down”: kielezi, aliimaliza betri chaji.

Ikiwa “down” ni kielezi na nomino ni fupi, nomino inaweza kukaa upande wowote: “put down the bag” au “put the bag down”. Lakini kiwakilishi hukaa katikati siku zote: “put it down”, “write them down”, “let me down”. Kanuni hii haivunjwi, na kosa la “put down it” husikika mara moja masikioni mwa mzawa.

Hatua ya tano: hamisha mwelekeo unapofasiri

Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy alizigawa lugha kulingana na mahali zinapoweka njia ya mwendo. Baadhi huiweka ndani ya kitenzi, nyingine huiweka nje yake, katika neno dogo la pembeni. Kiingereza kimo katika kundi la pili. Kiswahili, kwa sehemu kubwa, kimo katika la kwanza: shuka, panda, ingia, toka, pita, vuka, zama. Hatuhitaji kusema “kwenda chini”. Tuna shuka na teremka, na maana imekamilika.

Chukua sentensi hii: “She limped down the stairs.” Kitenzi “limped” kinaeleza namna ya kutembea, na “down” inaeleza njia. Mfasiri mgeni huandika “Alichechemea chini ya ngazi”, na msomaji anamwona mtu akizungukazunguka kwenye uvungu wa ngazi. Fanya hivi: ichukue “down” uigeuze kuwa kitenzi kikuu, kisha kitenzi cha Kiingereza ukishushe kiwe maelezo ya namna. Unapata “Alishuka ngazi akichechemea.” Vivyo hivyo “The ball rolled down the slope” ni “Mpira uliteremka mteremko ukibingirika”, na “They crept down from the roof” ni “Walishuka kutoka paani wakinyata.”

Ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza, geuza mwelekeo. “Alishuka mti akikimbia” isiwe “he descended the tree while running”, ambayo haina kosa la sarufi lakini haina uhai. Sema “he scrambled down the tree”. Kiingereza kina mamia ya vitenzi vya namna, kwa hiyo tafuta kimoja chenye nguvu kisha uongeze “down”.

Mara nyingi “down” inatoweka kabisa katika Kiswahili kwa sababu kitenzi chetu tayari kimeimeza: “sit down” ni keti, “lie down” ni lala au jinyooshe, “bend down” ni inama, “kneel down” ni piga magoti, “the sun went down” ni jua limezama. Usihisi umepunguza kitu.

Angalizo moja kuhusu shuka. Tunashuka kwenye basi, kwenye farasi, kwenye baiskeli na kwenye gari. Kwa Kiingereza sanifu cha kisasa ni “get off the bus”, “get off the horse”, “get off the bike”, lakini “get out of the car”. “Get down from the bus” husikika katika Kiingereza cha baadhi ya nchi; hata hivyo ukiandikia wasomaji wa kila mahali, “off” ndiyo salama.

Hatua ya sita: zikusanye maana za mbali kwa makundi

Hapa ndipo picha ya safari kutoka juu inapolipa. Usikariri vitenzi kimoja kimoja. Uliza kila mara ni kitu gani kinachoshuka.

Kinachoshuka kinaweza kuwa kiasi, kasi au nguvu. “Slow down”, punguza mwendo. “Calm down”, tulia. “Turn the radio down”, punguza sauti ya redio. “Cut down on sugar”, punguza sukari. “Narrow it down”, punguza machaguo mpaka yabaki machache.

Kinaweza kuwa kitu kinachotua mahali na kubaki hapo. Hili ni kundi linalosahaulika, nami naona ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. “Write it down” ni kulifanya wazo litue kwenye karatasi lisipeperuke. “Tie down” ni kufunga kitu kisisogee. “Pin down” ni kumbana mtu atoe jibu la hakika. “Settle down” ni kutulia mahali, kuanza maisha ya makazi. “Down payment” ni malipo ya awali, pesa unayoiweka papo hapo kabla ya kumalizia deni.

Kinaweza kuwa kitu kilichosimama na sasa hakisimami tena. “Break down” ni kuharibika kwa gari au kuishiwa nguvu kwa mtu hadi akalia. “Shut down” na “close down” ni kufunga, mashine kwa la kwanza na hasa biashara kwa la pili. “Burn down” ni kuteketea kwa jengo hadi ardhini. “The server is down” ni ya kundi hili: kilichokuwa kimesimama kikifanya kazi kimelala.

Halafu kuna ngazi za watu. “Look down on” ni kudharau. “Hand down” ni kurithisha kutoka kizazi hadi kizazi, na pia hakimu kutoa hukumu. “Let someone down” ni kumwangusha mtu aliyekutegemea. Na hapa Kiswahili na Kiingereza vimekutana, kwani nasi husema “usiniangushe”.

Machache yanabaki nje ya makundi na hayo yakaririwe tu. “It’s down to you” ni uamuzi au jukumu lako. “Come down with flu” ni kushikwa na mafua. “I’m down for that”, ya mazungumzo ya Kimarekani, ni niko tayari. Na la ajabu, “I’m up for that” ina maana hiyohiyo.

Hatua ya saba: soma mwelekeo wa watu wa mahali husika

“Down the road” haidai mteremko. Maana yake ni mbele kidogo ukiifuata barabara, na kwa wakati ni “baadaye”: “five years down the road”, miaka mitano ijayo. “Down the corridor” ni kuifuata korido hata kama sakafu imenyooka.

“Down south” na “up north” zimetokana na desturi ya kuchora kaskazini juu ya ramani. Australia na New Zealand huitwa “Down Under” kwa sababu hiyohiyo. “Downtown” ilianzia Manhattan, New York, ambako makazi ya kwanza yalikuwa ncha ya kusini ya kisiwa; mji ulipokua kuelekea kaskazini, “downtown” ikabaki kuwa upande wa shughuli, na Wamarekani wakaitumia kwa kitovu cha mji wowote. Mwingereza husema “city centre” au “town centre”.

Uingereza ina mpangilio wake mwingine. Katika reli, “up line” huelekea London na “down line” hutoka London, bila kujali kaskazini wala kusini. Katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, mwanafunzi “goes up” anapoanza, “goes down” anapoondoka, na aliyefukuzwa amekuwa “sent down”. Angalia lakini: mahakamani “sent down” ni kufungwa jela. Habari fupi inayosema mtu fulani “was sent down” haiwezi kufasiriwa mpaka ujue ni chuo au ni mahakama.

Kwenye tamthilia, “downstage” ni sehemu ya jukwaa iliyo karibu na watazamaji. Majukwaa ya zamani yalijengwa yakiwa yameinama kuelekea watazamaji, kwa hiyo mwigizaji aliyesogea mbele alishuka kweli.

Hatua ya nane: usiitumie “down” kila unapoona chini

Kiswahili chini hubeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawanya. “Chini ya meza” ni “under the table”. “Down the table” ni kuelekea mwisho wa meza ndefu, kama katika “pass the salt down the table”. “Chini ya nyuzi sifuri” ni “below zero”. “Chini ya uongozi wake” ni “under her leadership”. “Kitabu kiko chini” sakafuni ni “on the floor”, na nje ni “on the ground”. “Yuko chini”, ukimaanisha ghorofa ya chini, ni “downstairs”. Kanuni fupi ya kukusaidia: palipo na chini ya, karibu kila mara jibu ni “under” au “below”, palipo na kitendo cha kushuka, ndipo “down” inapostahili kufikiriwa.

Kuhusu “downward” na “downwards”: kiishio “-ward” kilikuwa na maana ya “kuelekea”, na ndicho kilichomo katika “toward”. Kama kivumishi tumia “downward” peke yake: “a downward trend”. Kama kielezi, Waingereza hupenda “downwards” na Wamarekani hupenda “downward”.

Hatua ya tisa: chunguza mwenyewe

Ukitaka kufuatilia neno jingine la mwelekeo, fungua Oxford English Dictionary kama una njia ya kuipata, au kamusi ya Kiingereza cha Kati ya Chuo Kikuu cha Michigan, ambayo ni bure mtandaoni. Kwa Kiingereza cha Kale kuna kamusi ya Bosworth na Toller, nayo ni bure. Ukikuta nyota kabla ya neno, ujue umbo hilo halijaonekana katika maandishi yoyote. Wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha. “OE” ni Kiingereza cha Kale, “ME” ni Kiingereza cha Kati, “ON” ni Kinorse cha Kale. Soma mfano wa kwanza wenye tarehe kabla ya kusoma maelezo ya mhariri. Anza na “left”: utakuta lilitokana na neno lenye maana ya dhaifu.

Mazoezi

Fasiri kwanza, kisha ulinganishe.

“The old bridge came down in the storm.” Daraja la zamani lilianguka wakati wa dhoruba. Kilichosimama hakisimami tena.

“Could you turn it down a bit?” Tafadhali punguza kidogo. “It” iko katikati, kwa hiyo ni kielezi. Na “a bit” inakuonyesha ni kupunguza, wala si kukataa.

“Three down, two to go.” Tatu zimeisha, zimebaki mbili.

“He tiptoed down the corridor.” Alipita kwenye korido akinyata. Hakuna kushuka, kwa hiyo shuka haifai.

“Paka amelala chini ya kitanda.” “The cat is asleep under the bed.”

“Abiria walishuka kwenye ndege.” “The passengers got off the plane.” Usiandike “the passengers came down with the plane”: hiyo inasema walianguka pamoja nayo.